Barua za Wazazi: Alijifunzia Wapi Kuficha?

Barua tulizochagua mwezi huu zimeandikwa na wazazi wasiofahamiana, na kati ya mtoto mdogo na mkubwa anayezungumziwa kuna zaidi ya miaka kumi na miwili. Hata hivyo, nilipozisoma mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nilijikuta nimepigia mstari kitenzi kimoja karibu katika kila barua: anajificha, ameficha, anatuficha. Mmoja amejificha nyuma ya pazia, mwingine ameficha mashuka, mwingine simu. Wazazi huniuliza jinsi ya kumkomesha mtoto anayeficha mambo. Mimi, kwa mazoea ya miaka mingi ya uuguzi katika kliniki ya mama na mtoto, huanza kwa kuuliza ni nani aliyemfundisha kwamba jambo hilo ni la kufichwa. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Bi Muuguzi. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minane. Mkojo anasema, lakini haja kubwa hataki kabisa kwenda chooni wala kukaa kwenye poti. Akibanwa huenda nyuma ya pazia la sebuleni, akajikunyata, akamalizia kwenye pampasi. Siku nyingine hujizuia hata siku tatu. Mama mkwe wangu, ambaye ni Mdigo wa Mkinga, anasema watoto wake wote waliacha kujikojolea kabla hata hawajatembea, na kwamba uvivu wangu na pampasi ndivyo vilivyomharibu mjukuu wake. Chekechea niliyompatia haipokei mtoto mwenye pampasi, na nimepewa hadi Januari. Nimemkalisha kwenye poti kwa nguvu akalia mpaka akatapika. — Mama wa Mtoto Mmoja, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nianze na mama mkwe, maana naona yeye ndiye aliyekukalia rohoni kuliko hata hiyo poti.

Mama mkwe wako hasemi uongo. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries, waliokaa na Wadigo wa pwani ya Kenya na kuwatazama akina mama wakilea. Waliyoyaona ni yale yale ambayo mama mkwe wako angekusimulia bure jikoni: mama alianza kumkojosha mtoto akiwa na wiki mbili au tatu tu, akakaa chini na kunyoosha miguu, akamweka mtoto katikati ya mapaja huku amempa mgongo, kisha akatoa sauti ya "shuu", mara nyingi kwa siku, mchana na usiku, hadi mkao ule na sauti ile vikawa ndiyo ishara ya kukojoa. Mtoto alipofikisha miezi minne hadi sita alitarajiwa kuwa ameshika mazoea hayo. Jambo hilo liliwashangaza madaktari wa wakati huo waliokuwa wakifundisha kwamba mtoto hawezi kuanzishwa kabla ya kufikisha mwaka mmoja na nusu hivi.

Lakini mwambie mama mkwe, kwa adabu, kwamba hadithi hiyo ina upande wake wa pili. Mtoto yule alikuwa mgongoni au mapajani mwa mtu saa zote, hakuvalishwa kitu kinachofyonza mkojo, na alipokosea hakuna aliyemgombeza. Alifutwa, maisha yakaendelea. Wewe umerudi kazini mtoto akiwa mchanga, umemwachia dada wa kazi mwenye shughuli nyingine kumi, na pampasi za siku hizi hufyonza mkojo kiasi kwamba mtoto hahisi hata kama amelowa. Huo si uvivu. Ni maisha ya aina nyingine yanayotaka njia nyingine, na kwa njia hii nyingine watoto wengi huwa tayari kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Mwanao, ambaye mkojo anausema, hajachelewa popote.

Sasa tuje kwenye pazia. Mtoto anayekojoa panapostahili lakini akakataa haja kubwa, mara nyingi tatizo lake si poti. Tatizo ni kwamba siku moja alipata choo kigumu, kikamuumiza, akaamua kwa akili yake ndogo kwamba kitu hicho kisitoke tena. Akijizuia, choo hukaa tumboni na kuzidi kukauka. Kikija kutoka humwumiza zaidi. Naye huzidi kujizuia. Ukiona wakati mwingine pampasi ina uchafu mwepesi kama wa kuhara, usikimbilie dawa ya kuharisha: huenda ni majimaji yanayopenya pembeni ya choo kilichoziba. Kwa hiyo poti iweke kando kwanza, ushughulikie tumbo. Mpe papai, embe, chungwa pamoja na nyama zake, mboga za majani, maharage, uji wa dona badala ya unga uliokobolewa, na maji ya kutosha. Kama anakunywa maziwa ya ng'ombe kikombe juu ya kikombe, yapunguze, kwa kuwa humshibisha na kumfungisha choo. Ikiwa bado anapitisha siku tatu au ukaona damu, mpeleke kliniki apewe dawa ya kulainisha choo. Kile kipande cha sabuni ambacho jirani atakushauri umtie, usithubutu. Utakuwa umemthibitishia kwamba huko nyuma ni mahali pa kuumizwa.

Choo kikishalainika, usimvue pampasi kwa kumvizia. Mwache ajisaidie ndani ya pampasi, ila mahali pahame kidogo kidogo. Wiki hii badala ya nyuma ya pazia iwe karibu na mlango wa choo. Akizoea, iwe ndani ya choo mlango ukiwa wazi. Kisha akae kwenye poti akiwa na pampasi yake. Mwishowe pampasi iwe imelegezwa au imetandikwa tu ndani ya poti. Nyayo zake lazima ziguse chini au zikanyage kigoda, kwa sababu mtu anayening'iniza miguu hana nguvu ya kusukuma; jaribu mwenyewe uone. Wakati mzuri ni dakika ishirini au thelathini baada ya chakula, tumbo linapoamka lenyewe, na asikalishwe zaidi ya dakika tano.

Na kama choo chenu ni cha shimo, litazame lile tundu kwa macho ya mtu mwenye urefu wa futi tatu. Nakumbuka msichana mmoja aliyeletwa kliniki kwa sababu hiyo hiyo ya kujizuia. Tulimpima kila kitu, hadi bibi yake aliposema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba kandambili yake nyekundu ilitumbukia chooni akiona. Mtoto alikuwa ameshapiga hesabu kwamba kinachofuata ni yeye.

Januari ikifika kabla hamjamaliza, nenda ukazungumze na mwalimu uso kwa uso. Chekechea nyingi zenye masharti hayo huogopa mkojo wa kila saa. Mtoto anayejisaidia haja kubwa nyumbani jioni hawezi kuwasumbua sana.

Habari za kazi. Kijana wangu wa miaka 10 bado anakojoa kitandani mara nne au tano kwa wiki. Januari anaanza darasa la tano katika shule ya bweni. Nimemchapa, namnyima maji kuanzia saa kumi jioni, na mama yake humbeba usiku kumpeleka chooni. Juzi tumekuta mashuka matatu mabichi ameyafunga kwenye mfuko wa rambo na kuyaficha nyuma ya kabati. Kaka yangu anashauri abebeshwe godoro kichwani apitishwe mtaani, kama tulivyofanyiwa sisi. — Baba, Morogoro

Baba, sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara tatu. Umeiandika kama ushauri wa adhabu, kumbe ndani yake mna maelezo ya ugonjwa wenyewe: wewe na kaka yako mlikuwa vikojozi. Jambo hili hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa aliwahi kuwa nalo, takribani watoto wanne kati ya kumi watakuwa nalo. Wakiwa ni wazazi wote wawili, ni zaidi ya saba kati ya kumi. Sasa nikuulize swali ambalo hukulitarajia: lile godoro ulilobebeshwa, je, usiku uliofuata ulikauka?

Kinachotokea ni hiki. Usiku mwili hutoa homoni inayopunguza utengenezaji wa mkojo ili mtu alale hadi asubuhi. Kwa watoto wengine homoni hiyo huchelewa kufikia kiwango chake, kwa wengine kibofu bado ni kidogo, na karibu wote hulala usingizi mzito kiasi kwamba kibofu kikigonga mlango hakuna anayesikia. Mtoto aliyelala hana anachokikusudia, na fimbo humfikia akiwa macho, wakati kosa halikutendwa na huyo aliye macho. Katika umri wa miaka mitano hali hii ni ya kawaida sana. Katika umri wa mwanao bado inampata takribani mtoto mmoja kati ya ishirini. Maana yake ni kwamba katika darasa lake huenda hayuko peke yake, ingawa yeye anaamini yuko peke yake duniani.

Nami sisemi haya kama mtu asiye na doa. Mwanangu wa kwanza nilimchapa kwa sababu ya shuka, nikiwa nimevaa sare yangu ya uuguzi tayari kwenda kuwafundisha wanawake wengine malezi. Alichojifunza kwangu ni kuamka alfajiri na kuanika shuka juu ya paa la banda la kuku, ambako nisingeona.

Kuhusu maji, mnamwonea bila faida. Mtoto anayenyimwa maji jioni hurudi nyumbani na kiu ya mchana kutwa, akayanywa yote kwa pupa usiku. Geuzeni ratiba: anywe kwa wingi asubuhi na mchana, apunguze baada ya chakula cha usiku, na aache chai na soda za rangi nyeusi kabisa. Aende chooni mara mbili kabla ya kulala, mara ya kwanza anapopiga mswaki na mara ya pili anapozima taa. Kumbeba akiwa amelala kunaokoa shuka la usiku ule, lakini hakumfundishi kitu. Kama mnamwamsha, aamke kweli, atembee kwa miguu yake. Godoro livalishwe plastiki chini ya shuka. Asubuhi asaidie kutoa shuka na kulifua, kwa sauti ile ile mnayomwambia akaoshe kikombe chake, si kama kifungo.

Mpelekeni hospitali pia, na mtakapofika mseme kama aliwahi kukaa mkavu kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, kwa kuwa hilo hubadilisha uchunguzi. Daktari atataka kujua kama anapata choo kigumu, kama ana kiu na kukojoa kupita kiasi mchana, jambo linaloweza kuwa dalili ya kisukari, na kama mkojo unamwasha. Mtoto mwenye sikoseli anaweza kukojoa kitandani kwa sababu figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi. Mkojo wenye damu, kwa mtoto aliyeoga kwenye mabwawa na mito yetu, unaweza kuwa kichocho. Na mtoto aliyekuwa mkavu akaanza kulowa ghafla, mwulizeni kwa upole kama kuna mtu anayemtisha au kumgusa. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia kwa ajili ya siku za kulala ugenini, lakini zijaribiwe nyumbani kwanza.

Suala la bweni nitalisema bila kuzunguka. Serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa madarasa ya awali hadi la nne mwaka 2023, na naelewa kwamba familia nyingi zimekuwa zikilihesabu darasa la tano kama mlango uliofunguliwa. Mlango ukifunguliwa si lazima mtu apite siku hiyo hiyo. Kama ipo shule ya kutwa mnayoiamini, mwache nyumbani mwaka mmoja. Kila mwaka unaopita sehemu nzuri ya watoto hawa hupona wenyewe. Kama ni lazima aende, basi matroni ajue kabla mtoto hajashusha sanduku: apewe kitanda cha chini kilicho karibu na mlango, awe na mashuka mawili ya ziada ya rangi iliyoiva, na pawepo mahali pa kuyaweka alfajiri bila kupita katikati ya wenzake. Matroni akicheka mnapomweleza, hapo mmeshapata jibu kuhusu shule hiyo.

Na kaka yako mwambieni amsimulie kijana habari za lile godoro. Asimtishe nalo, amsimulie tu jinsi alivyojisikia.

Asalaam aleikum. Binti yangu wa miaka mitatu anamng'ata mdogo wake wa miezi mitano kila ninapomnyonyesha. Mama mmoja alinishauri nimng'ate na yeye ili aonje uchungu. Nimemng'ata, hajaacha. — Umm wa Wawili, Unguja

Waaleikum salaam. Hajaacha kwa sababu sasa ameona kwamba hata watu wazima hung'ata. Tazama saa anayoichagua: ni ile ambayo mikono yako yote miwili ina kazi na paja lake limekaliwa na mwingine. Basi kabla hujampakata mdogo, mpangie mkubwa kazi yake ya saa hiyo, ya kweli si ya kumpumbaza: akuletee kanga, akushikie bilauri ya maji, akae ubavuni akila tende. Akielekea kung'ata, mzuie shavu kwa kiganja na useme maneno mawili tu, "Hatung'ati", bila hotuba. Kisha mdogo akilala, vyombo vingoje. Dakika kumi ziwe zake peke yake, awe mtoto mchanga tena akitaka.

Shikamoo Bi Muuguzi. Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, akaniachia binti ambaye sasa ana miaka 12. Wiki iliyopita, nikigeuza godoro lake ili nilianike, nilikuta vipande vya kanga ya marehemu mama yake vimechanwa, vina damu, vimekunjwa vizuri. Nikajua amevunja ungo. Sijamwambia neno, maana kwetu baba hayasemi hayo. Mama yangu anataka kuja kumchukua awekwe ndani mwezi mzima afundwe, na shule hazijafungwa. — Baba wa Kisarawe

Marahaba, na pole kwa msiba ambao naona bado haujaisha nyumbani humo. Huyo mtoto alikuwa na nguo nyingine za kuchana. Alichagua kanga ya mama yake, na sidhani kama ilitokea tu.

Najua kwamba kwa mila yenu, na kwa mila za makabila mengi ya pwani, jambo hili lilipewa watu wake. Alikuwapo somo, alikuwapo kungwi, alikuwapo shangazi, na baba aliarifiwa kwa mafumbo. Utaratibu ule ulikuwa na busara kubwa: msichana alipewa mtu mzima ambaye si mama yake, asiyemwonea haya, wa kumwuliza lolote. Lakini utaratibu ule ulitegemea kwamba nyumbani pana wanawake. Kwako hapana, na damu haikungoja bibi apande gari. Kunyamaza kwako binti hakuoni heshima. Anaona kwamba mambo yake yamekuwa mabaya kiasi kwamba hata baba hawezi kuyatamka.

Maneno yenyewe hayahitaji kuwa mengi. Nenda dukani ununue pakiti mbili za pedi, sabuni ya mche, ndoo ndogo yenye kifuniko na chupi mpya, uviweke chumbani kwake, kisha siku hiyo hiyo, mkiwa mnafanya kazi nyingine, mwambie: "Mwanangu, najua umekua. Hujakosea kitu na huumwi. Vitu nimeviweka chumbani, vikikaribia kuisha niambie kama unavyoniambia chumvi imeisha." Akikimbia, mwache akimbie. Atakuwa amesikia.

Mengine anayohitaji kuyajua, shangazi yake anaweza kuyamalizia, lakini uyajue nawe. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Kitambaa si kibaya, mradi kifuliwe kwa sabuni na kukaushwa juani. Chini ya godoro hakikauki, na unyevu ule ndio unaoleta muwasho na harufu. Kama anaona haya kukianika, akifunike kwa kanga nyepesi kwenye kamba. Mwaka wa kwanza au wa pili siku hazina mpangilio, hivyo asishtuke mwezi mmoja ukirukwa. Damu ikizidi siku saba, au ikilowesha pedi nzima kila baada ya saa moja au mbili, aende hospitali. Maumivu yanayomfanya akose shule yatibiwe, wala asiambiwe kwamba ndio uanamke.

Kuhusu bibi, usigombane naye, muwekee tarehe. Familia nyingi siku hizi humfunda mwali wakati wa likizo na kwa siku chache, mila ikatimia na masomo yasiharibike. Kaa naye pia mkubaliane kinachofundwa. Usafi wa mwili, namna mimba inavyoingia, nani hana ruhusa ya kumgusa na amkimbilie nani akiguswa: hayo yote afundishwe, tena kwa uwazi wa makungwi ambao sisi wauguzi tunauonea wivu. Mafunzo ya kitandani na ya kumtuliza mume hayamhusu mtoto wa miaka 12, na kwa hilo wewe kama baba una haki ya kukataa mbele ya ukoo mzima.

Zile kanga nyingine za mama yake, kama zipo, mpe. Akabidhiwe, asilazimike kuzichukua kwa siri.

Kwako mshauri wetu. Mimi ni mama pekee, ninauza mboga hapa Nairobi. Kijana wangu ana miaka 15. Nilianza kuona pesa zikipungua kwenye M-Pesa yangu, leo shilingi 200, kesho 300, mpaka zikafika 1,900. Saa saba usiku nilichukua simu yake akiwa amelala nikaisoma yote. Nilikuta anacheza kamari ya mpira kwa laini yangu ya zamani, na nambari ya siri anaijua, ni mwaka wake wa kuzaliwa. Nikakuta pia jumbe za mapenzi na msichana. Jumapili wajomba zake walipokuja nilizisoma zote mbele yao, wakacheka. Tangu hapo amebadilisha neno la siri, analala na simu chini ya mto, na kila ninachomwambia anajibu "sawa". — Mama Mboga, Nairobi

Dada yangu, umeniletea mambo matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja, nawe umeyaadhibu yote kwa kulichapa lile la tatu, ambalo ndilo halikustahili fimbo. Tuyafungue.

La kwanza ni pesa, na hilo ni wizi, usilipunguze jina. Badilisha nambari ya siri leo. Mwaka aliozaliwa ndio mwaka wa kwanza ambao mtu yeyote anayekujua angeujaribu. Ile laini ya zamani ifungwe. Shilingi 1,900 azilipe kwa kazi mliyokubaliana bei yake: kubeba magunia kutoka sokoni alfajiri ya Jumamosi, kuchambua sukuma wiki, kuweka hesabu za siku. Kiasi anacholipa kiandikwe ukutani, na deni likiisha liishe, lisirudi kutajwa kila mnapokosana.

La pili ni kamari. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, na kampuni zilimpokea kwa sababu laini ni yako. Lakini kumwambia "ni haramu" au "ni ujinga" hakutamfikia, kwa kuwa anakumbuka mara mbili alizoshinda na si mara thelathini alizopoteza. Omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu, kaa naye mezani na penseli, aandike yeye mwenyewe kwa mkono wake: zilizotoka upande huu, zilizorudi upande huu. Usiseme chochote hadi amalize kujumlisha. Ukiona baada ya hapo bado anakopa kwa wenzake au anaacha kula shuleni ili pesa ya chakula aiweke kwenye mechi, hapo imekuwa zaidi ya utundu. Atafutiwe mshauri, na nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

La tatu ni zile jumbe, na hapa wewe ndiye mdaiwa. Ulikuwa na haki ya kuhofia. Kijana wa miaka 15 anaweza kuwa anaandikiana na mtu mzima anayejifanya msichana, au ameombwa picha ambazo zitatumiwa kumtisha, na mzazi anapaswa kuuliza mambo hayo waziwazi: ni nani, ana umri gani, mnafahamiana vipi, amewahi kukuomba picha? Lakini kumsomea mtu maneno yake ya mapenzi mbele ya wajomba wakacheka, hiyo si ulinzi. Jambo lililosemwa mbele ya watu hufutwa mbele ya watu. Wajomba wakija tena, sema mbele yao sentensi moja: "Siku ile nilimkosea kijana wangu, na jambo la msichana halitarudiwa." Itakukaba koo. Nimewahi kuisema ya aina hiyo kwa mtoto wangu, na nakuhakikishia kwamba mdomo huwa mkavu.

Hilo neno "sawa" lisikuudhi kupita kiasi. Katika umri wake sehemu ya ubongo inayotamani raha na kuthubutu imeshachangamka, ilhali ile inayopima matokeo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana maneno yanayosemwa kwa ghadhabu humpita yote, akabaki na sauti tu. Vijana wengi, wavulana hasa, hawawezi kuzungumza huku wametazamwa usoni. Huonekana kwao kama mahakama. Zungumza naye mkiwa mmekaa ubavu kwa ubavu, mnamenya viazi, au mnatembea kuelekea stendi na gunia katikati yenu, na ukiuliza swali, hesabu hadi kumi kabla hujajijibu mwenyewe.

Kisha pangeni sheria ya simu inayoeleweka. Simu zote za nyumba hiyo zichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu usiku hadi asubuhi, na hakuna anayesoma ya mwenzake pasipo mwenyewe kuwapo. Atakuuliza kama hata yako. Usimjibu. Usiku wa kwanza iweke yako mezani kabla yake, akiwa anatazama.